Pazia la Koplo Deusdedit

Mara ya kwanza Asteria kumwona Makoye, alimkuta anataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ilikuwa Jumamosi, soko kuu la Shinyanga limefurika watu wa mwisho wa mwezi, na ndani ya duka la vitambaa la Mama Justa hapakuwa na pa kuweka mguu. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, alikuwa ameshika kitambaa cha buluu akikipapasa kwa vidole vilivyojaa makovu madogo madogo, naye Mama Justa anamwapia kwa jina la Mungu kwamba hiyo ndiyo mahameli yenyewe.

"Shikamoo Mama Justa," Asteria alisema, akajipenyeza katikati yao, futikamba ikimning'inia shingoni. "Hiyo imekuwa mahameli tangu lini? Si ndiyo ile ya kufunikia makochi?"

"Marahaba. Na wewe nani kakuita? Unaniharibia biashara."

"Nakuokoa. Akifua mara moja tu huyu atarudi hapa na mgambo."

Yule kijana aligeuka kumtazama. Alimwona mwanamke mweusi wa kung'aa, si mrefu, amevaa dera la zambarau lenye vipande vya uzi vilivyoganda begani, chaki ya fundi imemchafua shavu. Akatabasamu.

"Asante dada. Mimi vitambaa sivijui. Nipe waya nikushikie gizani, nitakwambia unabeba umeme gani. Lakini haya mambo..."

"Kumbe fundi umeme."

"Wa chini kabisa. Mgodini, Bulyanhulu."

"Ndiyo maana umepauka. Jua unalionea kwenye kalenda."

Makoye alicheka kwa sauti mpaka wateja wa nje wakachungulia. Asteria, ambaye hakukumbuka lini alimchekesha mwanamume kwa mara ya mwisho, alijikuta anataka kumchekesha tena. Akamchomolea mahameli halisi kutoka rafu ya juu, akaipigia bei mpaka Mama Justa akanuna.

"Sasa ni pazia la nini? Mkeo kakutuma?"

"Sina mke. Ni pazia la kufunika jiwe. Kule kwetu Mwalugoye kuna kituo cha afya kipya, kinapewa jina la kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa mwanajeshi. Koplo Deusdedit Maige. Alifia ng'ambo ya mpaka, kulinda amani."

Mama Justa alifungua mdomo aseme kitu. Asteria alimkanyaga kidole cha mguu, tena kwa kisigino.

"Pole kwa msiba," alisema taratibu. "Niachie kitambaa. Nitakushonea mimi."

Sasa na tuseme ukweli wote hapa hapa, maana Asteria mwenyewe hakuusema. Yeye ndiye aliyekuwa mchumba wa Deusdedit. Miaka minane nyuma, ng'ombe wa mahari walikwishatoka Mwalugoye wakaingia zizini kwa baba yake, Mzee Mwigulu, kule Maganzo. Kwa desturi ya kwao, ng'ombe wakishaingia, binti ni mke, harusi ya kanisani ije isije. Harusi ilikuwa inamsubiri Deus arudi kutoka kazini. Akarudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, na Asteria akakalishwa msibani kwenye mkeka wa wajane, akiwa hajawahi kulala hata siku moja chini ya paa la mumewe.

Tangu hapo akawa mke wa Deus. Kwa wakwe aliitwa mke wa Deus. Kanisani, yule wa Deus. Wanaume waliotaka kumsogelea walipodokezwa tu waliinamisha vichwa na kumpa pole, kisha wakaenda zao. Makoye wakati wa msiba alikuwa Zambia, kwenye migodi ya shaba, na aliporudi alisikia nyumbani kuna shemeji yake Maganzo, jina hakutajiwa, wala hakuuliza. Siku ile dukani Asteria alimtazama akaona macho yasiyo na pole ndani yake. Akayatamani. Akasema moyoni, nitamwambia siku akija kuchukua pazia.

Pazia lilikuwa kazi ya mchana mmoja. Lakini sherehe ikaahirishwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na ziara. Ikaahirishwa tena kwa sababu ya mvua. Na kila ilipoahirishwa, simu ililia kwenye meza ya cherehani.

"Fundi wangu, pazia limefika wapi?"

"Liko kwenye pindo. Mgeni rasmi kafika wapi?"

"Kaahirisha. Ana kikao mkoani."

"Mungu azidi kumpa vikao."

"Asteria!"

"Nini? Mimi pindo halijakaa sawa."

"Pindo gani hilo la wiki nne? Unashona kwa kucha?"

"Wewe unayekaa shimoni utajua nini? Umekula lakini?"

"Nimekula. Sijashiba sauti yako tu."

"Haya, shuka chini ukafanye kazi, usije ukaunganisha waya huku unaniwaza mimi, mkalipuka wote."

Akishuka chini mgodini simu haishiki, na Asteria alizijua saa hizo kwa uzito wake. Akipanda juu, kitu cha kwanza anapiga. Siku za Jumapili walikutana Kahama, katikati ya njia, kwenye mgahawa mmoja wenye viti vya plastiki vyekundu, wakala kuku wa kienyeji kwa ugali, kisha Makoye anatoa mfukoni matobolwa aliyotumiwa kutoka nyumbani, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, wakavitafuna na karanga taratibu wakizungumza.

Na alichozungumza Makoye, mara nyingi, kilikuwa Deus. Sherehe ile ilikuwa imemfukulia utoto wake. Alisimulia jinsi Deus alivyokuwa akichunga, akiwapanga ng'ombe mstari na kuwapigisha kwata, kushoto, kulia, mpaka siku moja dume moja likakataa amri likamtupa kwenye tope. Alisimulia jinsi Deus alivyolia alipokatwa nywele, jitu zima la darasa la saba. Asteria alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Makoye akadhani ana moyo mwepesi. Hakujua kwamba anamrudishia mtu. Asteria alimjua Deus wa buti na kombati iliyonyooshwa, Deus wa simu za mbali zilizokatikakatika, ambaye kabla ya salamu alikuwa anauliza, "Umekula lakini?" Yule mtoto wa topeni hakuwahi kupewa na mtu yeyote. Alimpokea sasa, kipande kwa kipande, kutoka kwenye mdomo wa mwanamume mwingine, na alirudi Shinyanga kila Jumapili akiwa na furaha na aibu kwa pamoja.

Mara moja alijaribu. "Makoye, kuna jambo nataka kukwambia."

"Nami ninalo. Nianze mimi, nisije nikaishiwa ujasiri." Akamshika mkono mezani, mbele za watu. "Nakupenda, bhebhe," akamwita kwa Kisukuma, yaani wewe. "Wiki ijayo nikienda nyumbani namwambia mama mkubwa nimepata mke."

Mtu mwingine angesema pale pale. Asteria alifumba macho, akamwita mwanamume kwa lugha ya kwao, "Nami nakupenda, Ngosha," na lile jambo lake akalimeza pamoja na karanga.

Wiki iliyofuata, mchana wa jua kali, alikuwa anashona sare za shule simu ikaita. Baba yake, kutoka Maganzo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nina habari njema. Wamenipigia wa kwa Maige. Wanasema mdogo wake marehemu yuko tayari kusimama mahali pa kaka yake. Ng'ombe ni wale wale, hakuna kuongeza wala kupunguza. Wamefurahi kweli, huku nasikia vigelegele. Nami nimesema sina neno. Kijana anaitwa Makoye."

Asteria aliondoa mguu kwenye cherehani. Akakumbuka lile shati lililopigwa pasi. Akajiuliza mtu wa Bulyanhulu apite Kahama na maduka yake yote, aje mpaka Shinyanga, aingie duka lile lile ambalo yeye hununua kila Jumamosi, ni bahati gani hiyo? Kadiri alivyojiuliza ndivyo moyo ulivyozidi kuchemka. Walimtuma. Wazee walikaa wakasema mjane wetu anazeeka mjini na ng'ombe wetu wanaliwa bure, nenda kamchukue. Na yeye, mjinga, alimpigia bei ya kitambaa.

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Makoye mwenyewe.

"Asteria," alisema, hakukuwa na fundi wangu wala bhebhe. "Wewe ndiye mke wa Deus?"

"Na wewe ndiye uliyetumwa?"

"Nimetumwa na nani?"

"Na wazee wako! Nenda mjini ukamwangalie yule mjane wetu kama bado ana meno. Ukifika umchekee, umlishe matobolwa, atakuja mwenyewe."

"Mimi sikukujua! Nilipita Shinyanga nikielekea nyumbani tu. Nimesema jina lako hapa nyumbani, wanawake wote wakaruka kwa vigelegele, nimebaki nimesimama kama nguzo. Kumbe kila mtu anajua, mimi peke yangu sijui. Ulijua tangu dukani, Asteria?"

Asteria aliukunja ukingo wa sare iliyokuwa kwenye cherehani.

"Nilikaa mbele yako Jumapili zote zile nikikusimulia habari za kaka yangu, unacheka, unafuta machozi. Hebu niambie. Ulikuwa unanisikiliza mimi, au ulikuwa unamsikiliza yeye?"

Asteria alitafuta jibu. Angekuwa nalo angelitoa, hata kama ni la kumuumiza. Hakuwa nalo. Makoye alisubiri, kisha akakata simu.

Hakupiga tena. Asteria naye hakupiga, kwa hasira kwanza, kisha kwa woga. Kila saa ya shifti kupanda juu aliitazama simu, akajichukia kwa kuitazama. Pazia lilikuwa limekunjwa kabatini, limekamilika muda mrefu, na usiku alilikuta kichwani mwake kila akilala. Akamtuma dereva wa basi alifikishe Mwalugoye, ili asilione.

Ndipo mgeni rasmi, aliyekataa kuja siku zote walipomwombea akatae, akapata nafasi. Mama Paskazia, mama yake Deus, akapiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, wewe ndiye utakayevuta pazia. Mke wa marehemu ndiye anayevuta. Uje na nguo nyeusi."

Asteria alilitoa gauni jeusi la msibani, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni, akakaa kitandani akilitazama. Alijua maana yake. Akisimama mbele ya kijiji kizima na wanajeshi na viongozi, atangazwe mjane wa Koplo Deusdedit, avute kamba, basi amekubali. Kesho yake wazee watamkabidhi kwa mdogo mtu, na Makoye, kama atamchukua, atamchukua kama mzigo ulioachwa stendi na mwenyewe. Na asipokwenda, atakuwa amemtupa Deus siku ambayo nchi inamkumbuka. Alilia pale kitandani kwa sauti. Kisha akanyanyuka, akalirudisha gauni jeusi kabatini, akavaa la kitenge cha kahawia chenye maua meupe, la mikono mifupi, alilojishonea mwenyewe, akapanda basi la asubuhi.

Mwalugoye kulikuwa na maturubai, tarumbeta za jeshi, watoto wa shule na vumbi. Kituo cha afya kilikuwa kinang'aa kwa rangi mpya, na pale ukutani, mlangoni, pazia la mahameli ya buluu lilikuwa limetulia, pindo limenyooka. Makoye alikuwa kwenye nyaya za spika, amevaa suti ya kijivu. Alimwona. Akainama tena kwenye nyaya zake.

Mama Paskazia, amejifunga khanga mbili mpya, alimpokea kwa mikono miwili, kisha akaiona nguo. Akamvuta ndani, kwenye wodi ya wazazi iliyokuwa bado inanuka rangi, akafunga mlango.

"Nyeusi yako iko wapi?"

"Mwangaluka, mama," Asteria alimsalimu kwanza kwa Kisukuma. "Nimeiacha Shinyanga."

"Kwa nini unanifanyia hivi leo?"

"Mama, nisikilize, kisha kama ni kunifukuza unifukuze." Akaegemea mlango. "Deus nilimpenda. Nikimsikia mtu anauliza kama nimekula, mpaka leo nageuka. Lakini sikuwahi kuwa mke wake, mama. Nilikuwa namsubiri. Sitaki kuvuta pazia lile kama mjane, halafu nikakabidhiwa kwa mtu kama koti la marehemu. Ng'ombe wenu nitawarudisha. Nitashona sare za mkoa mzima, nitawarudisha."

Mama Paskazia alikaa kwenye kitanda kipya ambacho hakijafunguliwa nailoni. Ikalia chini yake. Nje tarumbeta zikaanza na kunyamaza.

"Maneno ya koti mmekubaliana wapi?" aliuliza hatimaye.

"Na nani?"

"Na Makoye. Wazee walipomwita, aliwaambia hivyo hivyo. Kwamba yeye si mtu wa kuchukua mwanamke kama anavyochukua koti la marehemu. Kwamba kama ni kurithi, hataki, na waache kupiga simu Maganzo kwa jina lake. Baba zake wadogo wamemnunia mpaka leo." Alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mimi nilimkasirikia kuliko wote. Nilisema mkiniondolea mke wa Deus, kitu gani cha Deus kitabaki kwangu?"

Asteria alipiga magoti akamshika miguu, wakalia pamoja, mpaka mtu akagonga akasema mgeni rasmi ameketi.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mshereheshaji, mwenye tai nyekundu na sauti ya redio, akatangaza: "Na sasa, ndugu wananchi, tunamwomba mjane wa shujaa wetu asogee kuvuta pazia!"

Asteria hakunyanyuka. Watu wakaanza kugeuza shingo. Alisikia mtu nyuma akinong'ona kuhusu nguo yake. Aliyenyanyuka ni Mama Paskazia. Alitembea mpaka kwa mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti bila kuomba. Spika zikapiga kelele, Makoye akakimbia kuzitengeneza.

"Nyamazeni kidogo," alisema bibi yule. "Hapa hakuna mjane. Mimi ndiye mama, najua. Mwanangu alikufa na uchumba wake. Binti wa watu alimpenda, akamlilia, na sisi tukamtwika jina la Deus, mke wa Deus, mke wa Deus, mpaka jina lake mwenyewe tukalisahau. Alilibeba miaka yote hii na hakulalamika." Akanyoosha mkono ukutani. "Leo jina la mwanangu limepata ukuta wa kulibeba. Binti huyu tumtue. Ng'ombe walioko Maganzo sidai hata kwato. Anaitwa Asteria. Mwiteni Asteria, aje anisaidie kuvuta pazia la mwanangu."

Kisha mwanamke mmoja akaita, "Asteria!" na vigelegele vikapasuka.

Walivuta kamba wawili. Mahameli ikateleza ikaanguka, na pale kwenye jiwe jina likatokea: Kituo cha Afya Koplo Deusdedit Maige. Mpiga tarumbeta akapiga ule wimbo wa kuwaaga waliolala. Asteria aliligusa jina kwa kiganja, herufi moja moja, akasema kwa sauti ndogo ambayo Mama Paskazia peke yake ndiye aliyeisikia, "Nimekula, Deus. Pumzika."

Watu walipohamia kwenye pilau, alimkuta Makoye nyuma ya jengo anakunja nyaya.

"Uliniuliza swali," alimwambia. "Nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo."

Makoye aliacha kukunja.

"Mwanzo nilikuwa namsikiliza yeye. Siwezi kukudanganya mbele ya ukuta wake. Lakini zile Jumapili za mwisho, ile hadithi ya dume na tope ulinisimulia mara mbili, na mara ya pili nilikuwa sisikii. Nilikuwa naangalia mdomo wako tu. Nilifanya kosa kukuficha, Makoye. Nisamehe."

"Mara mbili? Mbona hukuniambia narudia?"

"Ungeacha."

Makoye alicheka kile kicheko chake kikubwa, kisha kikamkatika njiani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye vumbi. "Nami nilikata simu. Mwanaume mzima. Nisamehe na mimi." Akamsogelea. "Sina ng'ombe wa kaka, Asteria. Nina wa kwangu, wachache, wamekondeana, wako kwa mjomba Geita."

"Njoo nao hivyo hivyo."

Asteria alitoa simu, akapiga Maganzo pale pale, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba. Kuna mtu anakuja kwako kuomba mke."

"Si nilishakubali?"

"Ulimkubalia Deus, baba. Huyu hajawahi kukuomba. Muulize jina lake, muulize anamtaka nani. Akijibu vibaya, mfukuze."

Akamkabidhi Makoye simu. Fundi yule, anayeshika waya gizani bila woga, alikohoa mara mbili.

"Shikamoo mzee. Naitwa Makoye. Namtaka Asteria."

Upande wa pili ng'ombe mmoja alisikika akilia kwa mbali. "Marahaba," Mzee Mwigulu akasema mwishowe. "Njoo basi tukusikie."

Kutoka upande wa mbele watu walikuwa wanaita Asteria, Asteria, njoo ule. Aliutazama ule ukuta mpya, akamtazama Makoye aliyekuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kuwa na furaha mbele ya Deus.